Ssh inaingia, scp inagoma

SWALI: Habari fundi, naomba msaada manake nimekwama. Nikiingia kwenye seva kwa ssh naingia fresh tu, naandika amri zinafanya kazi, ila nikituma faili kwa scp inagoma palepale na kuandika "Received message too long 1264677481". Sftp (njia nyingine ya kutuma faili kupitia ssh) nayo hivohivo. Faili lenyewe ni kilobaiti chache tu, sasa huo urefu unatoka wapi?

JIBU: Pole sana mkuu. Faili lako halina shida, na ufunguo wako (faili la siri linalokutambulisha kwa seva) pia, ungekuwa na shida hata ssh isingekupitisha.

Itazame vizuri hiyo namba. Scp za sasa, kuanzia OpenSSH 9.0 (kifurushi chenye programu za ssh na scp) ya Aprili 2022, zinatuma kwa njia ya SFTP, na kwenye SFTP kila ujumbe unaanza na baiti 4 za kutaja urefu wake, ukizidi 262144 programu inakata. Sasa vunja 1264677481 kwenye baiti zake unapata 75, 97, 114, 105, na kwa ASCII (jedwali linaloipa kila herufi namba yake) hizo ni herufi K, a, r, i. Yaani seva imekuandikia "Karibu" kabla SFTP haijaanza, na mashine yako ikazisoma hizo herufi kama urefu!

Hakikisha hivi:

ssh jina@seva true

Amri ya true haiandiki kitu, kwa hiyo hapo haitakiwi kutokea kitu chochote. Ukiona neno hata moja, fungua .bashrc ya kule seva (faili la mipangilio ya bash, programu inayopokea amri zako), echo, yaani amri ya kuandika maneno kwenye skrini, utaikuta humo, kwa sababu bash ikiitwa na ssh inaisoma .bashrc hata kama hakuna mtu aliyekaa kwenye kibodi. Ihamishie .bash_profile (inasomwa ukiingia mwenyewe), au weka huu mstari juu kabisa ya .bashrc, unaoiambia bash iishie hapo kama hakuna mtu kwenye kibodi:

[[ $- == *i* ]] || return

Mimi napenda kuweka huo mstari hata kama echo imeshahamishwa, manake kesho mwingine ataongeza ya kwake na scp itakufa tena. Kuna watakaokwambia uweke -O kwenye amri ya scp urudi kwenye scp ya zamani, usihangaike, nayo inavurugwa na maandishi hayohayo.

Alafu tafadhali sana usikubali ushauri wa chmod 777 (amri ya kumruhusu kila mtu kusoma na kuandika) kwenye folda yako ya nyumbani kule seva, sshd (programu ya seva inayopokea ssh) ikikuta folda hiyo inaandikika na kila mtu inaukataa ufunguo wako, hapo hata ssh utaikosa.