Ushauri kwa Mkatoliki Aliyekaa Miaka Mingi Bila Kuungama

Katika parokia yetu hapa Kisumu nimekuwa nikiwasaidia watu wazima wanaojiandaa kurudi kwenye sakramenti baada ya kukaa mbali kwa muda mrefu. Jambo ninalolisikia mara nyingi kuliko mengine ni kwamba mtu anataka kwanza ayanyooshe maisha yake ndipo amwendee padre. Atasema kwamba amesahau sala ya kutubu, au hajui aanzie wapi, au ndoa yake haijabarikiwa. Kwa hiyo anaahirisha hadi Pasaka, na Pasaka ikipita anaahirisha hadi Krismasi. Ninamwandikia mtu huyo, kwa kuwa naamini anabeba mzigo ambao Kanisa halikumtwika.

Ukishafanya ishara ya msalaba na kuomba baraka, mwambie padre umekaa muda gani, hata kwa kukadiria, kisha mwombe akuongoze. Ile sala tuliyofundishwa utotoni, inayoanza kwa maneno “Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako”, yaweza kusomwa kwenye kitabu cha sala, na hata ukiisema kwa maneno yako mwenyewe inatosha, maadamu majuto ni ya kweli.

Kazi kubwa iko nyumbani, katika kuchunguza dhamiri. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 988, inamtaka muumini aungame dhambi zote za mauti, yaani dhambi nzito, anazozikumbuka baada ya kujichunguza kwa makini, akitaja aina zake na idadi yake. Neno hilo “idadi” huwatisha wengi, lakini hakuna anayedai hesabu ya mwenye duka: kusema “karibu kila mwisho wa mwezi, kwa miaka mitatu hivi” kunatosha. Dhambi uliyoisahau bila kukusudia husamehewa pamoja na nyingine, nawe utaitaja katika maungamo yajayo ikiwa ni nzito. Uliyoificha makusudi ndiyo inayoyabatilisha maungamo yote. Pitia Amri Kumi za Mungu moja baada ya nyingine, polepole, na ukiona heri uandike kwenye karatasi, uichane baadaye. Kisha taja makosa yako tu. Anayesema “nimemchukia mama mkwe wangu na kumnyima salamu tangu matanga ya baba” amekwisha kuungama. Historia ya yote aliyotendewa na mama huyo haihitajiki, na mara nyingi humfanya mtu aondoke akiwa ameungama dhambi za mwingine.

Ungama kwa lugha unayosali nayo. Nimewaona wazee waliosali kwa Kijaluo au Kiluhya maisha yao yote wakijilazimisha kuungama kwa Kiswahili, wakaishia kutaja mambo mepesi kwa sababu ndiyo tu waliyopatia maneno. Uliza ni padre gani anayeijua lugha yako na siku gani anapatikana. Kanuni ya 990 inaruhusu hata kuungama kwa njia ya mkalimani, naye pia anafungwa na wajibu wa kutunza siri.

Kuhusu siri, naelewa hofu ya mtu ambaye padre wake hula nyumbani kwake siku ya misa ya jumuiya. Padre haruhusiwi kumfichua mwungamaji kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote, na akiivunja siri hiyo moja kwa moja, anajipatia adhabu ya kutengwa na Kanisa papo hapo. Haruhusiwi hata kutumia aliyoyasikia kwa namna inayoweza kumdhuru aliyeungama. Aibu ikizidi, una uhuru wa kwenda parokia nyingine, au kuungama ukienda hija katika madhabahu ya Mama Maria ya Subukia, katika Jimbo la Nakuru. Hata hivyo, kwa maungamo ya kila mwezi mimi humpendelea padre anayenifahamu, kwa kuwa ushauri wake hugusa maisha yangu yalivyo.

Jambo la ndoa lahitaji uangalifu zaidi, maana huku kwetu ndilo linalowazuia wengi. Mahari yamelipwa, watoto wamezaliwa, koo mbili zinatambuana, lakini ndoa haijafungwa kanisani. Walio katika hali hiyo huenda wasipewe maondoleo ya dhambi siku hiyohiyo, na ni vyema walijue hilo mapema wasije wakavunjika moyo. Waende hivyo hivyo, wamweleze padre, waonane na katekista na kuanza kutafuta vyeti vya ubatizo. Ikiwa hakuna kizuizi, kama vile ndoa ya awali, njia si ndefu kama wanavyodhani. Kinachowachelewesha wengi ni gharama ya sherehe: gauni, hema, ng’ombe wa kuchinja na magari ya kukodi. Kanisa halidai hata kimoja kati ya hivyo. Kwa kawaida linahitaji ridhaa ya wawili hao mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka, pamoja na mashahidi wawili. Inanihuzunisha sana kuona watu wakikaa miaka mingi bila Komunyo kwa sababu ya hema.

Aliyechukua mali ya mwenzake ajue kwamba msamaha haufuti deni. Mweka hazina aliyekula fedha za chama, au aliyesogeza mpaka wa shamba la jirani, atatakiwa kurudisha kadiri awezavyo. Halazimiki kujitangaza kwenye baraza. Fedha zaweza kurudishwa kwa njia ya faragha, na padre atamsaidia kuipata. Aliyemchafulia mtu jina naye anapaswa kulisafisha, na hilo naliona gumu kuliko kurudisha fedha.

Usisubiri Juma Takatifu, wakati foleni inafika mlangoni na padre hana nafasi ya kumsikiliza mtu aliyekaa miaka kumi bila kuungama. Chagua Jumamosi ya kawaida, au mwombe padre miadi baada ya misa ya asubuhi katikati ya juma. Kanuni ya 986 inawapa wachungaji wajibu wa kuwasikiliza waamini wao wanaoomba kuungama kwa sababu ya msingi. Malipizi utakayopewa, yaani tendo la toba analokuagiza padre, ikiwa ni sala, yatimize kabla hujatoka kanisani, na kabla ya kurudi nyumbani pitia ofisi ya parokia uulize ratiba ya maungamo ya mwezi ujao.