Unasaka ukoo wa mashambani Ayalandi? Anza na shamba, jina litafuata

Wenzangu mliooa ama kuolewa huku Ayalandi mnajua vile huwa inaenda. Watoto wanafika ule umri wa kuuliza babu ya babu alikuwa nani, upande wa Kenya unapiga simu tu nyumbani na mama anakutajia vizazi vitano bila kumeza mate, halafu upande wa huku baba mkwe anakuna kichwa, anasema walikuwa watu wa kaunti ya Mayo, basi, anarudi kwa chai yake. Kwetu hiyo kazi niliishika mimi sababu mume wangu akiona makaratasi anasinzia, na tangu watu wasikie nimefika hadi miaka ya 1820 na kitu, tena kwa ukoo wa wakulima hohehahe, meseji haziishi. Wacha niandike mara moja yaishe.

Usianze na jina. Kila mtu huanza hapo, anaandika jina la ukoo kwa saiti, anamwagiwa akina Patrick na akina Mary hadi macho yanauma, wote wa kaunti hiyo hiyo moja, anafunga laptopu. Majina huku ni machache na yanarudiwa rudiwa, na hata la ukoo liliandikwa vile karani alivyolisikia siku hiyo, ile O' ya mbele inaingia na kutoka, ndugu wa tumbo moja mmoja anayo mwingine hana. Ardhi ndiyo haihami. Nchi nzima imekatwa vipande vidogo, zaidi ya 60,000, kila kimoja na jina na mpaka wake, wao huita townland na mimi nitasema tu kitongoji. Kuna vitongoji vya nyumba chache sana. Ukishakuwa na kitongoji, wale akina Patrick wote wanabaki wawili watatu na unaweza kuwapambanua.

Sasa kama mzee nyumbani hakikumbuki, nenda makaburini. Mawe mengi ya mashambani yanaanza na aliyelisimamisha jiwe: fulani wa mahali fulani, kwa kumkumbuka baba yake fulani, aliyefariki tarehe fulani akiwa na miaka kadhaa. Watu hukimbilia jina la marehemu, wanapiga picha, wanaondoka, na yale maneno "wa mahali fulani" ndiyo uliyofuata, maana hicho ndicho kitongoji chenyewe. Tena wanawake wengi huandikwa kwa jina la kwao hata kama waliolewa wakazeekea kwa mume, kwa hivyo jiwe moja linakupa koo mbili. Piga picha na mawe ya kushoto na kulia pia, watu walizikwa karibu na watu wao.

Jiwe letu sisi ni la chokaa, la kijivu, limelalia nyuma kidogo, juu limechongwa herufi IHS, za jina la Yesu, ndani ya duara, na chini kabisa pale nyasi zinafunika kuna mstari mdogo kwamba limesimamishwa na mwanawe wa Chicago. Huo mstari usiupite. Jiwe likilipiwa kutoka Marekani, pengine miaka mingi baada ya mazishi, ule umri uliochongwa ni wa mtoto aliyeondoka nyumbani kijana na hakurudi, anakadiria tu. Jiwe linasema mzee alikufa 1915 na miaka 84. Rejista ya vifo inasema 78. Nikafungua sensa, 1901 ana 58, 1911 ana 74. Yaani miaka kumi mzee wa watu amezeeka kumi na sita!

Na hakuwa peke yake, utaliona kijiji kizima. Sheria ya pensheni ya wazee ilipita 1908, malipo yakaanza Januari 1909, ukiwa na miaka 70 unalipwa, na usajili wa vizazi kwa watu wote ulianza 1864 tu, kwa hivyo hakuna mzee aliyekuwa na cheti. Wengine walidanganya, wengine hawakuwa wanajua kweli. Mimi umri wa yeyote aliyezaliwa kabla ya 1864 nauchukulia kama makisio, naupa miaka kumi huku na huku. Lakini hiyo pensheni pia ilituachia kitu kizuri: maofisa walikuwa wanaenda kuwatafuta waombaji kwenye sensa za 1841 na 1851 kuhakikisha umri, na fomu za huo utafutaji bado ziko Hifadhi ya Taifa kule Dublin, na ndani yake mara nyingi kuna majina ya wazazi.

Mbona hilo ni muhimu? Kwa sababu sensa zenyewe karibu zote ziliungua. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za serikali pale Four Courts, mahakama kuu za Dublin, lililipuka na kuteketea, na karatasi za karne na karne zikaenda. Za 1861 hadi 1891 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe hata kabla, hizo hata usimlaumu mtu na bunduki. Ndio maana ukiuliza utaambiwa kila kitu kiliungua, usisumbuke. Usikubali. 1901 na 1911 ziko kamili, ziko mtandaoni bure, na ile ya 1926 sheria iliifungia miaka 100. Kwenye 1911 angalia safu ya wanawake walioolewa, wameulizwa wameolewa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Kwetu pameandikwa tisa, hai sita. Nilikuwa na saba tu kwenye orodha yangu. Fungua na zile karatasi za nyumba yenyewe, utaona kama paa ni la nyasi au la kitu kigumu kama bati au vigae vya mawe, madirisha ya mbele mangapi, kama kuna zizi la ng'ombe na banda la nguruwe.

Turudi kidogo makaburini, maana hapa watu wanaharibu. Jiwe lisilosomeka usilisugue. Brashi ya waya hapana, jiki hapana, chaki hapana, povu la kunyolea ambalo watu wanaonyeshana kwa video pia hapana, na ule ukoko wa kijivu na manjano ulioota juu usiubandue kwa kucha maana unatoka na herufi. Kuna jiwe si mbali na letu mtu alilisafisha kwa moyo mweupe kabisa, leo lina majina lakini halina tarehe. Unachotaka ni mwanga wa pembeni. Nenda jua likiwa chini, au beba tochi kali uende jioni, imulike kutoka ubavuni karibu igusane na jiwe, herufi zinainuka zenyewe, piga picha nyingi ukiisogeza tochi. Mchana wa jua, ambao huku si kila siku, kioo kikubwa nacho husaidia kuurusha mwanga kutoka ubavuni.

Na ukikosa jiwe usishangae. Maskini hawakuwekewa mawe ya maandishi, walisimamishiwa jiwe la shambani tu lisilo na neno, na ile njaa kubwa ya 1845 hadi 1852 iliua kama milioni moja, wengi wakazikwa mashimo ya pamoja. Hapo anayejua ni mtu. Parokia nyingi zina Jumapili yao ya kubariki makaburi wakati wa kiangazi, watu wanarudi kutoka Dublin na Uingereza, kila familia inasimama kwa kaburi lake, na ukipita polepole ukiuliza, wazee wataongea hadi mvua iwafukuze. Huku mzee unamwita kwa jina lake la kwanza tu, mimi hadi leo mdomo unagoma.

Vyeti vya serikali viko bure irishgenealogy.ie, na picha ya ukurasa unaiona: vizazi vya zaidi ya miaka 100, ndoa zaidi ya 75, vifo zaidi ya 50. Utakuta mtoto amebatizwa kabla hajazaliwa. Usipaniki, kuchelewa kusajili kulikuwa na faini kwa hivyo wazazi walisogeza tarehe ya kuzaliwa mbele, amini ile ya padre ya ubatizo. Vitabu vya Wakatoliki hadi kama 1880 viko Maktaba ya Taifa, pia bure, vingine kwa Kilatini, James anakuwa Jacobus na William anakuwa Gulielmus, na mwandiko jamani, mapadre wengine waliandika kama wanakimbizwa. Ndoa itafute parokia ya bibi harusi, na anza na Januari na Februari maana watu walioana kabla Kwaresima haijaingia. Andika na wasimamizi wa ubatizo, mara nyingi ni shangazi au mjomba.

Kuna na utaratibu wa majina ambao ulinifanya nicheke peke yangu. Kijana wa kwanza anachukua jina la babu upande wa baba, wa pili babu upande wa mama. Mimi Mkikuyu wa Murang'a hilo nifundishwe na nani? Tofauti ni binti wa kwanza, wao humpa jina la nyanya upande wa mama, sisi upande wa baba. Lakini si sheria, itumie kukisia wapi pa kutafuta, si kujaza mti.

Kurudi nyuma zaidi ya hapo unategemea shamba tena. Griffith's Valuation, yaani uthamini wa ardhi wa 1847 hadi 1864, inaorodhesha kila aliyekalia ardhi, kitongoji kwa kitongoji, na ekari na mwenye shamba na namba inayolingana na ramani. Wakiwa na majina sawa wanatofautishwa kwa jina la baba au rangi ya nywele. Kabla yake kuna vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837, ambayo Wakatoliki nao walilipishwa kwa kanisa lisilo lao.

Halafu fuata ile namba ya Griffith kuja mbele. Ofisi ya uthamini ilikuwa na vitabu vya marekebisho, mkulima akibadilika jina la zamani linakatwa, jipya linaandikwa kwa wino wa rangi nyingine na mwaka pembeni, na vinafika hadi miaka ya 1970. Kwa njia hiyo unajua shamba lilimwangukia nani, na mara nyingi aliye pale leo ni ndugu yenu wa mbali ambaye picha za zamani ziko kwa kabati lake. Nenda umbishie hodi. Ila neno la kwanza kutoka kinywani, kabla hata ya kusema wewe ni nani, liwe kwamba hukuja kudai shamba.