Maswali na Majibu: Kuipima Hoja Katika Kifungu cha Ufahamu

Mwalimu, shikamoo. Ninajiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani. Kifungu ninakielewa vizuri, lakini maswali ya hoja yananishinda. Ninakosea wapi? (Msomaji, Mkomani)

Marahaba, mwanangu. Kukielewa kifungu ni kazi moja na kuipima hoja ni kazi nyingine, na tangu Agosti 2024, sehemu ya mafumbo ya mpangilio ilipoondolewa, mtihani huo umeiongezea uzito kazi hii ya pili: sasa sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za hoja, kila moja kwa dakika 35.

Nimekutungia mfano wa hapa kwetu: “Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa mwaka 2021, wavuvi wanarudi na samaki wachache. Kwa hiyo bandari ndiyo iliyowafukuza samaki.” Kijana mmoja niliyempa zoezi hili barazani alipiga mstari chini ya sentensi zote mbili, akaandika pembeni “kweli kabisa”, kwa kuwa babake ni mvuvi. Huenda ni kweli, na uchungu wake ninauheshimu, lakini mtihani haukumuuliza kama hitimisho ni kweli. Ulimuuliza kama ushahidi uliotolewa unatosha kulibeba. Ushahidi wenyewe unasema tu kwamba jambo moja limefuata jingine. Ukitakiwa kuidhoofisha hoja, tafuta chaguo linaloonyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla ya gati kufunguliwa. Ukitakiwa kuiimarisha, tafuta linaloonyesha kwamba maeneo ya mbali na bandari, yanayovuliwa kwa nyavu zile zile na katika msimu ule ule, hayakupungukiwa. Unayoyajua kuhusu bahari yetu yaache mlangoni, ingawa najua ni vigumu kwa mtu aliyekulia humu.

Nitaijuaje dhana ambayo mwandishi ameitegemea bila kuitaja? (Msomaji, Langoni)

Likanushe kila chaguo, kisha uitazame hoja. Katika mfano wa samaki, chukua chaguo lisemalo, “Samaki hawakuwa wameanza kupungua kabla ya 2021.” Likanushe: walikuwa wameanza. Hapo hoja inayumba, kwa sababu upungufu uliotangulia gati hauwezi kuwa umeletwa nalo, na hiyo ni dalili kwamba chaguo hilo ndilo nguzo yake. Sasa chukua jingine: “Wavuvi wote wa Lamu wameathirika.” Ukilikanusha unapata kwamba baadhi yao hawakuathirika, na hoja ingali imesimama. Chaguo la namna hii huwanasa wengi kwa sababu linakubaliana na kifungu na lina sauti nzito, ilhali hoja haikulihitaji.

Je, nisome swali kwanza au kifungu kwanza? (Msomaji, Shela)

Kifungu kikiwa kifupi, soma swali kwanza. Kikiwa kirefu, anza na kifungu.

Nitafanya GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili. Nimesikia insha ya kuchambua hoja imeondolewa. Bado nijifunze mambo haya? (Msomaji, Lamu mjini)

Ndiyo. Insha hiyo iliondolewa Septemba 2023, mtihani ulipofupishwa kuwa chini kidogo ya saa mbili, lakini vifungu vifupi vyenye swali la kuimarisha au kudhoofisha hoja vimebaki katika sehemu ya lugha. Hapo nakusihi uyatazame kwa makini maneno madogo: baadhi, wengi, wote, lazima, huenda. Kifungu kikisema kwamba baadhi ya majahazi hutengenezwa Matondoni, huwezi kuhitimisha kwamba mengine hutengenezwa kwingine, kwa maana katika mantiki “baadhi” ni angalau moja na haiwakatazi “wote”. Vivyo hivyo, kusema kwamba kila nahodha anajua kuogelea si kusema kwamba kila anayejua kuogelea ni nahodha. Likiandikwa hivi waziwazi kosa hili huonekana la kitoto, lakini likifichwa ndani ya kifungu cha sayansi chenye istilahi ngeni, nimeliona likiwaangusha hata wanafunzi wangu hodari.