Nia Isiyo na Uzito Huinuaje Tezo?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa majahazi hapa Bagamoyo. Kijana wangu aliye chuoni ananiambia kuwa mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alifundisha kwamba akili haina urefu, upana wala uzito. Lakini nikinuia kuinua tezo, mkono huinuka. Kisichogusika kinausukumaje mkono wenye nyama na mifupa?

JIBU: Swali lako, fundi, lilimfikia Descartes mwenyewe. Mwaka 1643, miaka miwili baada ya kuchapishwa kwa kitabu chake cha Tafakuri, Elisabeth, binti wa kifalme wa Bohemia aliyekuwa akiishi uhamishoni Uholanzi, alimwandikia akiuliza jambo hilo hilo: kusukuma kwataka kugusa, na kisicho na umbo kitagusia wapi? Descartes alimjibu kwamba muungano wa akili na mwili hufahamika kwa kuishi kuliko kwa kutafakari. Ni jibu la adabu, ila naona lilikwepa swali, na Elisabeth hakuridhika nalo.

Hata hivyo tusimdhulumu. Katika Tafakuri ya 6 alieleza kuwa akili haikai mwilini kama nahodha chomboni. Ubao ukipasuka, nahodha huona kwa macho maji yakipanda ngamani, ndipo aagize pakalafatiwe. Lakini wewe ukijikata muundi kwa tezo, huhitaji kuinama utazame ndipo ujue kwamba umeumia. Mwaka 1649 aliitaja tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo (si tezi ya chombo, yaani upande wake wa nyuma, ingawa usukani nao hufungwa huko) kuwa ndipo roho inapouendeshea mwili. Tatizo ni kwamba tezi nayo ni nyama, kwa hiyo swali lilihamishwa tu.

Leibniz, Mjerumani, aliukana msukumo wenyewe: akili na mwili ni kama saa mbili zilizoundwa kwa ustadi hata zikaenda sawa bila kugusana. Spinoza wa Uholanzi, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1677 baada ya kifo chake, alikuwa amekwenda mbali zaidi, kwani kwake nia yako na mwendo wa mkono wako ni jambo moja linalotazamwa kwa pande mbili, na hakuna kinachomsukuma mwenziwe. Mimi huvutwa na huyu, ingawa rai yake ina gharama: ukiikubali, huna budi kukubali pia kwamba kila kitu kina uhai wa roho kwa kadiri yake, hata ubao wa mvule unaouchonga.