Sebule ya Kivictoria: anza na rula

Dada, umesema nyumba yako ya wanasesere ni ya kipimo cha 1:12 (sentimita moja yake ni kumi na mbili za kweli), sebule ina upana wa sentimita 30, na huelewi ununue samani za Kivictoria kwa seti nzima au kipande kimojakimoja. Mimi ningechukua kimojakimoja. Seti hufanana mno, inaonekana kama duka.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kimo cha kikalio. Kiti halisi kina kama sentimita 45 kutoka sakafuni, basi chako kiwe karibu 3.75. Usiamini tangazo tu: niliwahi kuletewa kochi la sentimita 21, yaani kochi la mita mbili na nusu! Mpaka leo paka ndiye analichezea.

Kwa upana wako, kochi la sentimita 14 au 15 linatosha, la mbao nyeusi-nyekundu na mgongo wa vifungo. Vifungo viwe vimevutwa ndani ya kitambaa. Vikiwa vimechorwa tu, achana nalo. Ongeza viti viwili vya mgongo wa mviringo na meza ya duara ya mguu mmoja.

Halafu jaza bila aibu. Enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) sebule za wenye uwezo zilisheheni picha, mimea na mapambo. Hata vitambaa vya makochi walikuwa navyo, kuzuia mafuta ya nywele yasichafue mgongo wa kiti. Vitambaa hivyo fuma mwenyewe, kwa uzi wa cherehani na kroshia nyembamba kuliko zote.