Jibu: Jinsia na tabianchi kwa kidato cha pili, Moroto

Mwalimu, umeuliza jinsi ya kufundisha jinsia na mabadiliko ya tabianchi bila somo kugeuka hotuba. Anza na maji, ufafanuzi uje baadaye.

Watenge wasichana na wavulana, kila kundi lichore ratiba ya kazi za nyumbani tangu alfajiri hadi usiku: karatasi moja ya masika, nyingine ya kiangazi. Ukiwachanganya, wavulana watawajibia wenzao na ratiba itapotoka. Dakika 25 zinatosha.

Kisha pigeni hesabu. Familia ya watu 6, kila mmoja lita 15 kwa siku, ni lita 90, yaani jerikeni 4 na nusu za lita 20, tuseme 5. Kila moja ikijaa ina uzito wa kilo 20 hivi. Mtu akibeba moja kwa kila safari, na safari ikichukua saa 1 kwenda na kurudi, ni saa 5 kwa siku. Kisima cha karibu kikikauka na njia ikawa maradufu, ni saa 10. Waulize: saa hizo zinatoka kwa nani, na nini kinaachwa? Mara nyingi ni shule.

Usiwasahau wavulana. Karamoja, eneo lenu la kaskazini mashariki mwa Uganda, ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua ikichelewa, wavulana wachungaji huhamisha mifugo mbali, nao pia hukosa masomo. Ukiwaacha nje, watadhani jinsia maana yake ni wanawake, na watanuna (kwa haki).

Swali linalorukwa sana: nani anaamua ng'ombe auzwe lini? Lipe muda.