Kona ya Maswali: Kwenye utafiti wa roboti anayepimwa ni wewe

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi Mtanzania, niko Ujerumani nasoma masters. Juzi nilijiandikisha kwenye utafiti hapa chuoni, nikakalishwa na karoboti kenye macho makubwa tukapiga stori weee, kananiuliza natoka wapi, napenda chakula gani, kanacheka. Tumemaliza ndo naambiwa kumbe kuna mtu chumba cha pili alikuwa anabonyeza majibu kwenye kompyuta! Nimejisikia nimechezewa. Ni halali kweli? Na walikuwa wanatafuta nini? – Mwanaidi

JIBU: Pole da Mwanaidi, ila hiyo ni njia ya kawaida kabisa kwenye fani hii ya kuchunguza watu wanavyohusiana na maroboti. Maroboti mengi bado yanababaika kwenye maongezi, yakisikia lafudhi zetu hizi ndo kabisa, sasa likikosea mara tatu wewe unakasirika na mtafiti anaishia kupima hasira zako badala ya kile alichokuja kupima. Kwa hiyo mtu anajificha anaongoza. Cha muhimu ni kwamba mwisho ukaambiwa ukweli, na kama bado roho inakuuma waandikie waambie data zako zitolewe, haki hiyo unayo.

Wanachotafuta ni wewe. Bila shaka ulipewa dodoso ujaze 1 mpaka 5. Lile linalotumika sana linaitwa Godspeed, lilitoka 2009, kazi ya Christoph Bartneck na wenzake, linauliza mambo matano: roboti linafanana na mtu kiasi gani, lina uhai kiasi gani, linapendeza, lina akili, na je ulijisikia salama. Lakini dodoso lina kasoro yake jamani, watu wana adabu. Umekaribishwa vizuri, umepewa na hela ya usumbufu, utaweka 1 kweli? Ndo maana pembeni kunakuwa na kamera, wanaangalia ulikaa umbali gani, ulikwepesha macho lini, ulichukua muda gani kujibu.

Hapo kwenye kuchelewa ndo patamu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen, hukohuko uliko, walitoa matokeo ya jaribio lao na Nao, karoboti ka sentimita 58 tu. Watu wanaongea nako wee halafu wanaambiwa ukitaka unaweza kukazima. Watu 43 wakakasikia kanaomba kasizimwe, 13 wakagoma kukazima kabisa! Waliobaki wakazima lakini kwa kusitasita, walichukua muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakuombwa. Ukiwauliza watu hao barabarani watakwambia ni plastiki na waya tu, ila mkono umegoma.

Watoto nao hivyohivyo. Marekani, Peter Kahn na wenzake (utafiti wa 2012) walikaa na watoto 90 wa miaka 9, 12 na 15, wakawachezesha na roboti linaitwa Robovie, katikati ya mchezo akaja mtu mzima akaliweka kabatini huku lenyewe linalalamika kuwa linaonewa. Zaidi ya nusu ya watoto wakasema halikutendewa haki. Na hapo pia kulikuwa na watu wamejificha wanaliongoza, kwa hiyo uko na wenzio wengi.

SWALI: Kwa nini video za maroboti yenye sura ya mtu kabisa, ngozi na kope, zinanitisha kuliko yale ya vyuma? – Juma, Tanga

JIBU: Juma, Mjapani Masahiro Mori, mtaalamu wa maroboti, aliliandika hilo tangu 1970: roboti likizidi kufanana na mtu tunazidi kulipenda, mpaka pale linapokaribia sana bila kufika, mapenzi yanaporomoka. Mfano wake ni mkono wa bandia, unaona kama mkono wa mtu, ukiushika wa baridi. Wengine wanabisha kwamba mporomoko hautokei kila mara. Mtafiti mwingine wa Japani, Hiroshi Ishiguro wa Chuo Kikuu cha Osaka, yeye kaenda hukohuko kwenye kutisha, 2006 akatengeneza roboti linalofanana na yeye mwenyewe!

SWALI: Shikamoo. Nasoma kompyuta Dodoma, nataka mada hii ya watu na maroboti kwa project ya mwisho ila chuo hakina roboti. Nionyeshe watu video ya roboti tu? – Mdogo wenu

JIBU: Marahaba. Video inafaa kwa kuanzia, ila andika wazi kwamba ni video, maana tofauti ipo. Kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lilitoka 2011, roboti linamwambia mtu atupe vitabu kwenye ndoo ya taka, vitabu vizima kabisa, na waliokuwa nalo chumba kimoja walitii zaidi kuliko waliokuwa wanaliona kwenye skrini.

Au achana na chumba cha majaribio. Kinshasa mwaka 2013, na baadaye Lubumbashi, yaliwekwa maroboti makubwa ya alumini ya kuongoza magari kwenye makutano, yanayotumia umeme wa jua, ni kazi ya injinia Thérèse Kirongozi na wenzake. Kama una ndugu huko mwombe akuangalizie kama bado yanafanya kazi na akusaidie kupata ruhusa, kaa pembeni ya barabara uhesabu nani anasimama na nani anapita, halafu siku nyingine hesabu kwenye makutano yenye polisi. Dereva hajui kama anapimwa kwa hiyo hatakupendelea. Usiandike namba za magari tu, na anza na barua ya kamati ya maadili ya chuo chako mapema, hizo zinachelewa sana.